Sumaku Iliyonipatia Cheti

Vijana wangu, wiki iliyopita mliponiita nije niwaambie habari za ubunifu kazini, nilizungumza kidogo nikakaa. Mkapiga makofi kwa adabu. Halafu yule msichana wa mapokezi akainua mkono akaniuliza, "Mathe, lakini hiyo idea ya sumaku ilikujia aje?" Nikacheka, nikasema Mungu alinisaidia. Watu wakacheka pia, tukaenda kunywa chai.

Nilipofika kwangu mtaani West Indies nilivua viatu nikakaa kitandani, nikajiambia, yawa, nimewadanganya watoto wa watu. Sikusema neno la uongo. Lakini niliacha nusu ya habari, na ile nusu niliyoiacha ndiyo inayonisumbua. Ndiyo maana nawaandikia. Mniwie radhi kama sitawafikisha popote, kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani miaka mingi na bado sijui lina kichwa wapi na miguu wapi.

Nilikuja Eldoret kutoka pande za Bondo nikiwa msichana, nikiwa na ujuzi wa kushona tu. Hospitali ikaniajiri niwe mshonaji katika chumba cha dobi. Cherehani yangu ilikuwa kwenye kona, karibu na dirisha, na mbele yangu kulikuwa na meza kubwa ya kuchambulia nguo chafu. Shuka lililoraruka nililishona. Gauni la mgonjwa lililokwisha nililigeuza foronya. Siku ambazo hakukuwa na cha kushona, nilichambua nguo na wenzangu.

Watu hufikiri kazi ya dobi wa hospitali ni sabuni na maji. Mfuko ukishuka kutoka wodini hujui umebeba nini. Tumepata meno ya bandia. Tumepata simu ikilia. Siku moja tulipata chapati mbili zimefungwa vizuri ndani ya foronya, na mpaka leo hatujui zilikuwa za nani. Hayo ni ya kucheka. Mifuko tuliyoiogopa ni ile ya thieta, chumba cha upasuaji, kwa sababu ndani ya shuka za huko kulikuwa na vitu vyenye makali: nyembe, makasi, sindano. Mtu akichoka baada ya upasuaji mrefu hukunja kila kitu pamoja na kukitupa mfukoni. Sisi ndio tulivikuta.

Mkuu wetu wa dobi alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mrefu, asiyepaza sauti. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba damu inalowekwa kwa maji baridi, haitaki moto kabisa. Aliponiambia mara ya kwanza sikumsikiliza. Niliona tunachelewa, nikafikiri maji ya moto yatafanya kazi haraka, nikazitumbukiza shuka za wodi nzima kwenye maji yanayochemka. Zilitoka na madoa ya kahawia kama ramani, na hayo madoa hayakutoka tena. Mzee Barasa aliziangalia shuka zile kwa muda, halafu akasema, "Sasa hizi wagonjwa watasomea jiografia." Basi. Hakunigombeza.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa mawazo, siwezi kukaa. Gauni za wagonjwa zilikuwa na kamba za kufungia mgongoni, na kamba hizo zilikuwa zikisokotana ndani ya mashine mpaka tunatumia asubuhi kuzifungua. Nikaamua kuondoa kamba na kuweka vifungo. Nilishona vifungo juma zima, nikajivunia kama mtu aliyevumbua gurudumu. Nilipomaliza nikampelekea Mzee Barasa gauni moja.

Akaligeuza huku na huku. Akaniuliza, "Umelivaa?"

"La wagonjwa hilo, Mzee. Nilivae la nini?"

"Livae. Halafu lala hapo mezani, chali."

Nililala kwenye meza ya kuchambulia, gauni juu ya nguo zangu, wenzangu wakinicheka. Dakika mbili tu, vile vifungo vilikuwa vimenichimba uti wa mgongo kama kokoto. Nikawaza mtu aliyepasuliwa, ambaye hawezi kugeuka, analala juu ya hivyo siku tatu. Nikashuka mezani. Nikavitoa vifungo vyote, nikarudisha kamba, ila nikazifupisha kwa upana wa kiganja. Zikaacha kusokotana. Hilo la kufupisha halikuwa wazo kubwa hata kidogo, na ndilo lililofanya kazi.

Hapo ningewaambia, vijana, kwamba nilijifunza. Nilidhani nimejifunza.

Mzee Barasa alistaafu akarudi kwao. Baada yake akaja meneja mpya wa hospitali, kijana msomi, mwenye nia nzuri. Akasema kila idara lazima iwe na ubunifu. Likawekwa sanduku la maoni ukutani. Akaletwa mwezeshaji kutoka nje aliyetukusanya ukumbini, akatupa vikaratasi vya rangi vinavyonata, akatuambia hakuna wazo baya. "Hapa kila wazo linakaribishwa," alisema. Akatutaka tutaje tatizo moja la idara yetu na suluhisho lake.

Tuliokwenda kutoka dobi tulikuwa wawili, mimi na Nekesa. Nekesa alikuwa mama wa watoto wawili, ametoka upande wa Turbo, mchambuaji wa nguo hodari kuliko sisi wote. Alikuwa na mikono yenye haraka na mdomo usio na woga. Akainua mkono kabla ya mtu mwingine.

"Tatizo letu ni sindano za thieta," akasema. "Suluhisho ni hili. Hao wanaoziacha kwa shuka, waje wachambue nguo na sisi siku moja. Siku moja tu."

Ukumbi mzima ulicheka. Madaktari walicheka, wauguzi walicheka, mwezeshaji alitabasamu akasema, "Asante, hilo ni la kuchekesha, lakini tutafute kitu cha kiteknolojia kidogo." Hakukibandika kile kikaratasi chake ukutani.

Na mimi nilicheka. Nataka mlijue hilo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, bega kwa bega, nikacheka pamoja na wakubwa. Nekesa alinitazama mara moja, akakunja kikaratasi chake akakitia mfukoni.

Halafu mimi nikainuka na langu. Kulikuwa na fundi wa redio mjini niliyemshonea pazia la kibanda chake, na pale kwake niliona sumaku kubwa ya spika mbovu ikivuta misumari kutoka mbali. Nikasema, tukipitisha sumaku kama hiyo juu ya kila mzigo wa nguo za thieta, itanasa vyuma vyote kabla mkono haujaingia. Mwezeshaji alipiga makofi peke yake kwanza, kisha wote. Kikaratasi changu kikabandikwa katikati ya ukuta.

Fundi akanipa sumaku, nikaishonea mfuko wa turubai wenye mpini. Siku ya kwanza tulipoipitisha juu ya shuka za thieta, wembe uliruka kutoka kwenye mkunjo ukaganda kwenye turubai, tak! Tukapiga vigelegele. Siku ya pili makasi madogo. Juma hilo sindano mbili za kushonea vidonda, zile zilizopinda. Watu wa idara nyingine walikuja kutazama. Meneja alikuja na simu akapiga picha.

Sasa nisikilizeni. Kabla ya sumaku, tulikuwa na njia ya Mzee Barasa. Mzigo haukumbatiwi kifuani. Unawekwa mezani, unafunguliwa kwa koleo refu, kona moja kwa wakati, na mkono haupelekwi mahali jicho halijafika. Ni njia ya polepole, inaudhi. Sumaku ilipokuja, hakuna aliyesema tuiache njia hiyo. Hakuna aliyeamua. Ila siku baada ya siku koleo likabaki limeangikwa kwenye msumari, kwa sababu sumaku imeshapita, na sumaku ikinyamaza maana yake hakuna kitu. Mimi mwenyewe niliwaambia wenzangu, "Ikinyamaza, ingieni."

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Nekesa alipitisha sumaku juu ya mzigo, mara mbili. Ikanyamaza. Akatia mikono. Nilikuwa kwenye cherehani yangu nikasikia akisema "Woi" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilipogeuka alikuwa ameshika kidole gumba, glavu nyembamba imetobolewa, damu inatoka. Na kwenye shuka kulikuwa na sindano ya dawa, ya bomba, yenye damu ya mtu mwingine ndani yake.

Tulimwoshea kidole kwa maji na sabuni, kama tulivyofundishwa, bila kukikamua. Nikampeleka mbio kwa daktari. Akapewa dawa za kuzuia virusi, za siku ishirini na nane, akaambiwa atapimwa, arudi apimwe tena, mpaka miezi kadhaa ipite. Mgonjwa wa ile sindano hakujulikana, kwa hiyo hakuna aliyejua amechomwa na nini.

Nilirudi kwenye meza nikachukua ile sindano kwa koleo, nikaisogeza kwenye sumaku. Haikusogea. Nikaigusisha kabisa, ikadondoka. Nikachukua wembe, ukaruka ukaganda. Nikarudia sindano. Ikadondoka. Nilisimama pale nikirudia hivyo kama mwendawazimu. Jioni nikaenda kwa fundi, nikamwambia sumaku yake imekufa.

"Haijakufa, Mama," akasema. "Kuna vyuma havishikwi na sumaku. Hata sufuria zingine za jikoni hazishikwi. Kwani ulikuwa unataka ishike nini?"

Sikuwa nimemwuliza. Sikuwa nimejaribu hata sindano moja ya bomba kabla ya kuipeleka kazini. Mwanamke aliyelazwa juu ya vifungo ili ajifunze kujaribu kwanza!

Siku tatu baadaye ilikuwa sherehe ya hospitali, na jina langu likaitwa. Cheti cha ubunifu. Nilitembea mpaka mbele. Niliwaza nitasema, nitachukua kipaza sauti niseme kuna mtu amechomwa na hii sumaku yangu. Meneja akanishika mkono, mpiga picha akasema "Mama, smile," nikatabasamu. Picha hiyo ipo, mmeiona kwenye ukuta wa ukumbini. Wakati ule Nekesa alikuwa nyumbani akitapika kwa sababu ya zile dawa.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa meneja. Nikamwambia, "Naomba sumaku iondolewe."

Akashangaa. "Kwa nini? Imenasa nyembe ngapi mpaka sasa?"

"Nyingi."

"Tukiiondoa, nyembe hizo zitamkata nani?"

Nilikuja pale nikiwa na hasira yangu yote tayari. Lakini alikuwa anasema kweli. Ikiwepo, watu wanaiamini wanachomwa. Isipokuwepo, wanakatwa. Nilitoka ofisini kwake nikasimama kwenye ngazi sijui niende juu au chini. Mwishowe nikarudi dobi, nikatoa koleo kwenye msumari, nikasema kuanzia leo koleo kwanza, sumaku mwisho, na ikinyamaza hatuamini chochote. Wenzangu wakaniangalia. Mama aliyepewa cheti anatukataza kuamini kitu kilichompa cheti.

Nilimtembelea Nekesa kwake. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeyapanga maneno njia nzima. Nikaanza, akanikatiza.

"Mama Akoth, si wewe ulinichoma."

"Niliwaambia mwingie ikinyamaza."

"Ulituambia. Na mimi nina macho. Hilo halinisumbui. Ulivyocheka ndiyo inanisumbua."

Sikujua niweke uso wangu wapi. Nilifikiri nimekuja kuungama kosa moja, kumbe mwenzangu ana lingine, na ndilo kubwa.

Kutoka pale ndipo nilipokwenda kwa Sista Jepkemei, muuguzi mkuu wa thieta. Alikuwa mwanamke wa Moiben, mkali, mwenye kazi kuliko muda. Nikamwambia wazo la Nekesa, lile lililochekwa, neno kwa neno.

"Mama, mimi nina wagonjwa," akasema bila kusimama.

"Najua, Sista. Na sisi tuna mmoja. Anaitwa Nekesa."

Akaenda zake. Sikutegemea kitu tena. Lakini siku yake ya mapumziko alitokea mlangoni mwa dobi amevaa gamubuti na kitambaa kichwani, kama mtu anayekwenda kukama ng'ombe. Akasema, "Nionyesheni." Tukampa koleo.

Mfuko wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili, wembe. Kwenye wa tatu alikunjua gauni la thieta, na kwenye kola lilikuwa limeandikwa jina kwa wino. Lilikuwa lake. Akaendelea kulifungua taratibu, na kwenye mkunjo wa kiuno ikatoka sindano ya bomba. Aliitazama. Akavuta kiti changu akakaa.

"Hii ni ya Alhamisi," akasema. "Tulikuwa na mama anavuja damu. Tulimwokoa. Nilikuwa nimefurahi sana siku hiyo."

Sijui kwa nini maneno hayo ndiyo yaliyonitoa machozi. Miaka yote nilidhani wanaoacha sindano ni watu wasiojali. Huyu alikuwa akiokoa mtu. Sasa nimlaumu nani? Nilikuwa nimezoea kuwa na wa kumlaumu.

Tangu siku hiyo kila mzigo kutoka thieta ulikuja na kipande cha plasta juu yake, kimeandikwa jina la aliyeufunga. Hakuna aliyeadhibiwa kwa jina hilo. Ni jina tu. Na kila juma muuguzi mmoja alishuka kuchambua nasi kwa saa moja. Sindano hazikuisha, nisiwadanganye tena. Zilipungua, mpaka ikawa tukiipata moja tunasimama wote kuitazama. Hakuna aliyeliita jambo hilo ubunifu, wala halikupewa cheti.

Siku ya kipimo cha mwisho cha Nekesa nilikaa naye kwenye benchi. Alipoitwa hakuniambia niingie. Nilikaa pale nikihesabu vigae vya sakafu, nikikosea, nikianza tena. Alipotoka alikuwa na uso uleule aliokwenda nao, nikashindwa kuusoma. Akakaa. Akasema, "Niko sawa." Kisha akaegemea bega langu na kulia kwa muda mrefu, na watu waliokuwa kwenye foleni walidhani amepewa habari mbaya, mama mmoja akatuletea maji.

Nilijua hatarudi mezani. Meneja alimpa nafasi jikoni, kazi nyepesi. Akakataa. Mpaka leo sijaelewa kwa nini alirudi dobi, na nilipomwuliza alisema tu, "Hiyo ndiyo kazi naijua."

Mwaka uliofuata yule mwezeshaji akaletwa tena, na vikaratasi vyake. Akatuuliza nani ana wazo jipya. Nekesa akainua mkono. Ukumbi ukanyamaza kabisa, kalamu juu. Sasa walikuwa wanamwogopa kidogo, nadhani, au walikuwa wanamheshimu. Sijui tofauti yake.

"Sina wazo," Nekesa akasema. "Nataka glavu nzito. Zile za mpira mnene, zinazofika kiwiko."

Mwezeshaji alitazama ukuta wake. "Asante. Lakini hilo ni ombi la vifaa, sivyo? Hapa tunatafuta ubunifu."

Niliinuka. Sikuwa na maneno, nilikuwa nimeinuka tu, kwa sababu mara ile ya kwanza nilikaa nikacheka. Na upande wa pili wa ukumbi Sista Jepkemei naye alikuwa ameinuka. Akasema kwa ile sauti yake ya thieta, "Andika."

Mwezeshaji akaandika. Mnaniuliza mawazo mazuri yanatoka wapi, nami nawaambia ukweli, sijui. La kwangu lilipigiwa makofi likamchoma mtu. La Nekesa lilichekwa likatuokoa. Na hili la mwisho hata halikuwa wazo, na kulisema kulimchukua mwaka mzima.

Glavu zilikuja kwenye sanduku la karatasi, nyeusi, kubwa mno kwa mikono yake. Nekesa alizivaa, akakunja na kukunjua vidole mara kadhaa, akalalamika kwamba hasikii kitu. Kisha akasimama mahali pake mezani, nami nikachukua koleo nikamfungulia mfuko wa kwanza.